Tepu Iliyotupeleka Nzega

Wanangu mlioajiriwa juzi kutunza seva na mafaili ya watu, kazi yetu hii ina ukorofi mmoja ambao hamtaambiwa chuoni. Ukinakili mafaili kwenye tepu kila siku ya Mungu, hakuna atakayekuambia ahsante. Watu watapita mlangoni, watakuona unabadilisha tepu, watadhani unatafuta taarabu ya kusikiliza. Siku seva ikifa ndipo watalijua jina lako, na siku hiyo hawatauliza kama ulinakili. Watauliza, "Vinarudi?" Kunakili ni kujaza maji mtungini. Kurejesha ni kuyanywa. Na wengi wamebeba mtungi miaka na miaka bila kutazama kama una tundu.

Mimi naitwa Mwajuma. Nilifanya kazi hiyo kwenye redio moja ndogo hapa Tabora mjini. Jina lake silitaji kwa sababu meneja bado ananisalimia vizuri. Pale waliniita Mama Tepu. Wageni walidhani nina mtoto anayeitwa Tepu, na mama mmoja aliyekuja kulipia tangazo alirudi siku ya pili na zawadi ya kofia ya kichanga. Niliipokea. Ningefanyaje?

Kwa wasiowahi kuiona, tepu ni kasha la plastiki linaloenea kiganjani, na ndani yake umezungushwa utepe mwembamba mrefu ajabu. Unaiingiza kwenye mashine yake, mashine inaguguna kidogo, inaimeza, kisha inaandika kila kilichomo kwenye seva. Ukitaka kitu kirudi, unaiingiza tena, unasoma dua, unatazama taa. Ya kijani ni heri. Ya rangi ya chungwa, mashine inataka kusafishwa.

Na kwa habari ya kusafisha, lazima niwaambie juu ya Sefu. Wakati huo alikuwa ofisa matangazo tu, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukata mkate. Mimi nilikuwa likizo. Akanipigia simu: "Mama Tepu, taa ya chungwa imewaka." Nikamwambia, "Usihangaike, hapo ni kusafisha tu." Nilimaanisha kwamba ipo tepu maalumu ya kusafishia: unaiingiza, inapangusa kichwa cha mashine, inatoka yenyewe. Sefu alichukua tepu zote za wiki, akazitia kwenye beseni la maji na sabuni ya unga, akazisugua kwa mswaki, akazianika kwenye kamba pamoja na taulo lake. Niliporudi alinipokea mlangoni kwa fahari. "Mama, hebu nusa!" Nikanusa. Zilinukia limau kweli kweli, na hazikuwa na kitu kingine chochote.

Tangu siku hiyo, kila nikitoa maelekezo kwa simu naanza na yale ambayo mtu asiyafanye. Na Sefu mwenyewe nilimwomba kwa meneja ahamie chumba changu, maana niliona mtu mwenye bidii kiasi kile akiachwa huru ni hatari. Akaja kuwa fundi mzuri sana. Yeye ndiye niliyekuwa naye katika safari ninayotaka kuwasimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Radi ya masika ilipiga nguzo karibu na ofisi, seva ikazima kama mtu aliyekatwa kauli. Mimi na Sefu tukarejesha vipindi, matangazo, taarifa za habari, mpaka picha za sherehe ya Idi ambazo hakuna aliyeziulizia. Meneja akatununulia soda. Kitu kimoja tu tulikiweka kando: nyimbo za wazee zilizorekodiwa studioni kwetu zamani, ambazo zilikuwa kwenye tepu ya kale. Tukasema, hizo tutazirejesha tukipata nafasi. Wanangu, ukisikia mtu anasema "tukipata nafasi," jua kwamba balaa liko njiani, linauliza nyumba yako ni ipi.

Lilifika Jumatatu asubuhi likiwa limevaa kanzu na koti, fimbo mkononi. Lilikuwa Mzee Kapela, mwimbaji wa nyimbo za warina asali. Watu wa umri wangu tunamkumbuka. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikifungua kipindi cha alfajiri, sauti ya kumtoa mtu kitandani bila kumkasirisha. Dada wa mapokezi alikuwa binti mdogo, hakumjua.

"Karibu babu, nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuchukua sauti yangu," akajibu, kwa koo lililokwaruza kama jembe kwenye changarawe.

Yule dada akamwonea huruma sana. "Pole babu. Hospitali ni kule Kitete. Hapa ni redio."

"Najua ni redio! Sauti yangu mnayo ninyi!"

Nikatoka mbio. "Shikamoo Mzee Kapela."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu mtoto mimi si mgonjwa."

Nikamkalisha, nikamtafutia chai, akanieleza. Mjukuu wake Tausi, ambaye alimlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa Jumamosi ile hapa mtaa wa Cheyo. Alipokuwa mchanga alimtungia wimbo wa kumlaza, akaja kuurekodi kwetu, na alipokua akamwahidi kwamba siku ya harusi yake atamwimbia wimbo ule mbele ya watu wote.

"Sasa sikia koo hili," akasema. "Juzi nilijaribu kumbembelezea jirani mtoto wake. Mtoto akalia, mbwa akaitikia. Nikasema, kwani sauti yangu ya ujanani si ipo redioni? Nipeni hiyo. Ahadi ni ahadi. Tausi ameshawaambia mpaka wakwe zake."

Nami nikatamka neno ambalo fundi hatakiwi kulitamka kabla hajatazama: "Ondoa shaka, mzee wangu."

Tepu ilikuwepo kabatini, imeandikwa kwa kalamu nene: NYIMBO ZA WAZEE. USIGUSE. Huo ulikuwa mwandiko wa Mzee Nkwabi, fundi mkuu aliyenifundisha kazi. Mzee Nkwabi hakuwa mtu wa mihadhara. Kila Ijumaa alijimiminia chai, akafuta faili moja makusudi, kisha akaniambia, "Haya Mwajuma, lirudishe kabla sijamaliza kikombe." Nilipokuwa mgeni alikunywa polepole kwa huruma. Nilipoanza kuwahi, akawa anagugumia, na Ijumaa nyingi alirudi kwake ameungua ulimi. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na hata leo nawaambia: tepu ambayo hujajaribu kurejesha kitu kutoka humo ni kasha la plastiki tu, tena ghali.

Tukaiingiza ile tepu. Mashine ikaguguna, ikafikiri, ikaitema.

"Tusafishe?" Sefu akauliza. Nikamgeukia. "Kwa tepu ya kusafishia, Mama. Nimekua."

Tukasafisha. Ikaitema. Tukazima, tukawasha. Ikaitema kwa haraka zaidi, kama inayosema nilishawajibu. Ndipo nikakumbuka. Mashine za tepu ni kama ukoo: ya kwetu mpya iliweza kuelewa lugha ya baba yake na ya babu yake, lakini ya baba wa babu haikuijua. Na hii tepu ilikuwa ya mashine ya zamani kabisa.

"Ile ya zamani iko wapi?" Sefu akauliza.

Ilikuwa Nzega. Mzee Nkwabi alipostaafu, wakubwa walimpa ile mashine na kompyuta yake kama zawadi ya kumuaga. Alishukuru kwa maneno mazuri sana, akaongeza tu kwamba alitegemea baiskeli.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mwalimu. Ile mashine ya tepu bado unayo?"

"Marahaba, Mwajuma. Ipo, na inafanya kazi kila siku."

"Kazi gani?"

"Imekandamiza kifuniko cha pipa la unga. Paka wa hapa hawana adabu."

"Na kompyuta yake?"

"Hiyo ina mpangaji."

Nikadhani mtandao unakatika. Nikamwuliza la mwisho. Ile tepu alikuwa ameifunga kwa neno la siri, mtu asije akaiba nyimbo za wazee. "Mwalimu, neno lenyewe unalikumbuka?"

Akakohoa. "Mwajuma, mengine hayasemwi kwenye simu. Njooni."

Kabla hajakata nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake: "Mwajuma ndiyo nani?"

Kesho yake asubuhi tukaondoka na pikapu ya ofisi, Sefu usukani. Tepu niliiviringishia kanga, nikaitia kwenye deli la kuwekea soda, bila barafu, nikalipakata. Sikilizeni hapa: tepu haiwekwi mbele ya kioo ikapigwa na jua, haiwekwi juu ya spika, haikaliwi. Nimeona yote matatu, na moja lilifanywa na mtu mwenye shahada. Kila tulipoingia shimoni Sefu alisema "pole," na sikujua anaiambia tepu au mimi. Njiani askari akatusimamisha, akachungulia.

"Mama, ndani ya deli kuna nini?"

"Sauti ya mzee mmoja," Sefu akajibu.

Askari akatutazama, akaitazama barabara, akaamua kwamba sisi si sehemu ya mshahara wake. "Nendeni salama."

Mzee Nkwabi alikuwa anatungoja nje ya zizi, amenenepa, anacheka. "Babu zetu walipita njia hii na pembe za ndovu mabegani," akasema, "wewe Mwajuma unapita na kidude cha plastiki, halafu unaonekana umechoka kuliko wao." Akatukutanisha na wake zake wawili: Bi Nyamizi, mkubwa, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na Bi Kabula, mdogo, mcheshi, lakini mcheshi wa aina ile ambayo unajiuliza anacheka na wewe au anakucheka.

Mashine tuliipata juu ya pipa, imejaa unga kama mwokaji wa mikate. Mpangaji wa kompyuta alikuwa kuku. Kasha lilikuwa limefunguliwa ubavu siku nyingi, na kuku mmoja mwekundu alikuwa amejitandikia majani ndani, juu ya nyaya, analalia mayai.

"Huyo hatoki," akasema Bi Kabula. "Ana siku chache tu aangue."

"Mama, kuna harusi Jumamosi," nikamsihi.

"Na yeye ana watoto."

Nikakwama. Lakini Sefu alikuwa ofisa matangazo kabla ya kuwa fundi, na wale watu huweza kuuza kivuli mchana wa jua. Alikaa chini karibu na Bi Kabula, akamweleza habari ya Mzee Kapela na Tausi, akaisifu rangi ya kuku, akauliza jina lake, mwishoni akapendekeza ahamishiwe kwenye kikapu pamoja na majani yake yale yale, taratibu, bila kelele. Bi Kabula akakubali kwa sharti kwamba Sefu mwenyewe ndiye atakayehamisha. Kuku hakuwa ameshirikishwa katika mazungumzo. Alimdonoa Sefu kiganjani, kiwikoni, na mahali pengine ambapo Sefu ameniomba nisipataje.

Tukasafisha kila kitu kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, maana upepo wa pampu ni mkavu, wa mdomoni una mate. Tepu tukaiacha ipumzike chumbani huku tukinywa mtindi. Tepu iliyotoka safari ya joto usiikimbize kazini. Iache izoee hewa ya chumba kama mgeni yeyote. Kisha nikaiingiza. Mashine ikakohoa kiwingu cha unga, ikaguguna, ikameza. Tukangoja. Taa ikawa kijani, na kwenye kioo pakatokea kisanduku kinachodai neno la siri.

"Haya mwalimu," nikasema.

Mzee Nkwabi akajikuna shingo. "Jamani, naomba mtupishe kidogo. Haya ni mambo ya kiofisi."

Bi Nyamizi akavuta kigoda chake karibu zaidi. "Ofisi iko nyumbani kwangu."

Bi Kabula alikuwa amesimama mlangoni, kikapu cha kuku mikononi. "Kwani hilo neno huwa ni neno gani?"

Sefu, Mungu amsamehe, akajibu kitaalamu: "Watu wengi, mama, huweka jina la yule wampendaye zaidi."

Bi Nyamizi na Bi Kabula wakamgeukia mume wao, kuku naye akatoa kichwa kikapuni.

Mzee Nkwabi akafunika kibodi kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa kidole cha kulia. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa. Jasho likaanza kumtoka.

"Mzee, labda kuna herufi haishiki," akasema Sefu. "Ipi?"

Mzee Nkwabi akanong'ona.

"Ipi?"

"M!"

Bi Nyamizi akaketi wima. "M ipo kwenye jina langu," akasema polepole. Akajifunga kanga upya, akapiga kigelegele ambacho ng'ombe walikisikia zizini.

Bi Kabula akakiweka kikapu chini. "Mimi sina M," akasema. "Jina langu lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, halina M."

Sefu akaing'oa ile herufi, akakwangua unga uliokuwa umeganda chini yake, akairudisha. "Jaribu sasa, mzee."

Mzee Nkwabi akabonyeza M. Ikashika. Akaendelea, akasita. "Na hii G nayo ngumu," akasema, na nadhani alitamani kuyameza maneno yake kabla hayajafika chini.

Bi Nyamizi akaanza kujitajia herufi za jina lake kwa vidole. Akazirudia. "Nyamizi haina G."

"Wala Kabula," akasema Bi Kabula.

Wale wanawake wakatazamana, na ugomvi uliokuwa umeanza kati yao ukaisha papo hapo, maana sasa walikuwa upande mmoja. Bi Nyamizi akanigeukia mimi. "Mwajuma ina M."

"Haina G, mama!" nikaruka. "Itazameni vizuri! Haina G popote!"

Nyuma yetu mashine ikalia mlio wa furaha. "Imefunguka!" Sefu akapaza sauti. Hakuna aliyemjali.

"M na G," akasema Bi Nyamizi. "Ni nani huyo?"

Mzee Nkwabi akatazama dari. "Mgeni."

"Mgeni ndiyo nani?" Aliuliza kwa upole, ule upole ambao mtu akiusikia huanza kutafuta viatu vyake vilipo.

"Si yule mwekundu... mwenye pembe moja."

"Pembe?"

"Ng'ombe," akasema Mzee Nkwabi. "Yule ng'ombe."

Bi Kabula ndiye aliyesema kwanza. "Yule aliyekula kanga yangu ya harusi?"

"Ndiye."

"Yule aliyenipiga teke nikakaa kwenye mavi mbele ya wakwe?" akauliza Bi Nyamizi.

"Ndiye huyo huyo, Mungu amrehemu." Akanyanyua mikono. "Sasa mlitaka nifanyeje? Wote wawili nilikuwa nimeshawaoa. Ningeweka jina la mmoja, mwingine angelijua, nyumba ingeungua. Nikasema niweke jina lisiloleta ugomvi."

Bi Nyamizi alijitahidi kukasirika. Nilimwona anajitahidi. Kisha bega moja likaanza kutikisika, Bi Kabula akashika nguzo ya mlango, na wakacheka wote wawili mpaka machozi, wakiangushiana vichwa mabegani. Chakula cha mchana walitupikia mimi na Sefu, wali na kuku wa jirani. Mzee Nkwabi aliambiwa akale kwa Mgeni. Alipolalamika kwamba marehemu hapiki, akaletewa kibuyu cha maziwa.

Wanangu, msidhani kazi ilikuwa imekwisha. Tepu kufunguka ni kufika mlangoni tu. Ndani tulikuta mafaili ambayo Mzee Nkwabi aliyapa majina kwa mtindo wake: wimbo, wimbo mpya, wimbo mpya kweli, wimbo huu ndio. Moja liliitwa tausi mwisho. Sefu akalinakili kwenye fleshi, akasimama. "Twende Mama, jua linakwenda."

"Kaa. Tulisikilize."

"Limerudi zima, Mama. Ukubwa wake sawa, jina lake sawa, hakuna kosa hata moja."

"Lisikilize."

Akalifungua. Ikatoka sauti ya mtangazaji, nzito na ya huzuni: "Amepotea beberu mweupe, sikio moja limekatwa. Mara ya mwisho alionekana akielekea sokoni akiwa peke yake..."

Sefu akakaa. Nikamwacha akae na ile picha: turubai la harusi, bibi harusi ameinamisha kichwa, wakwe wamenyamaza kwa heshima, halafu beberu. Tukasikiliza faili moja baada ya jingine. Tukapata makofi ya watu, adhana, mtu anapiga chafya. Wimbo wa Tausi tuliukuta ndani ya faili lililoitwa jaribio.

Ukaanza bila ala, sauti tupu:

*Tausi, Tausi wa babu,*
*nyuki wamelala mzingani,*
*lala nawe, nikurinie,*
*asubuhi uamkie utamu.*

Sauti ile ilikuwa nzima, changa, haijui kwamba imezeeka. Bi Kabula aliegemea nguzo, mkono umekwenda wenyewe kwenye kikapu, unampapasa kuku. Mzee Nkwabi aliacha kunywa maziwa. Wimbo ulipokwisha Bi Nyamizi akasema tu, "Rudia," na Sefu akarudia, na safari hii hakutaja jua.

Jumamosi alasiri tulikuwa Cheyo chini ya turubai, nimevaa gauni langu la kijani, Sefu na pasi zake. Nilikuwa na wimbo kwenye fleshi mbili na kwenye simu, maana sikuwa tayari kurudi Nzega. Mzee Kapela alikaa mbele kabisa na kofia mpya. Tausi aliingia, akaketi, shangwe zikatulia. Mshereheshaji akatangaza kwamba babu ana ahadi ya kutimiza. Sefu akamwashiria fundi wa muziki.

Sauti ikatoka kwenye maspika makubwa, ikajaa mtaa mzima. Wazee wakashika vifua. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo ni Kapela, wallahi ndiye." Tausi alijiziba mdomo kwa ncha ya shela. Mimi, mtu wa mashine, nilikuwa nimeshatoa leso.

Nikamtazama Mzee Kapela nione furaha yake. Alikuwa amekunja uso. Midomo yake ilikuwa inachezacheza bila sauti, na fimbo inagonga chini kwa mwendo wake mwenyewe, si ule wa wimbo. Mstari wa tatu ulipoanza, akainuka.

"Zima."

Fundi wa muziki hakusikia.

"Zima huyo!"

Sefu akamkimbilia. "Mzee, kuna nini? Si sauti yako?"

"Ni yangu. Lakini kijana huyu anakwenda mbio! Anaimba kama anayefukuzwa na nyuki. Wimbo huu ni wa kumlaza mtoto, si wa kumkurupusha. Lete hicho kipaza sauti."

Akapewa. Akaimba kwa lile koo la changarawe, polepole, polepole mno, akisimama kuvuta pumzi mahali ambapo wimbo haukutaka kusimama. Kuna noti aliipanda akaanguka nayo. Kuna nyingine hakuipanda kabisa, aliizunguka. Watu walianza kwa kutazamana, kisha wakaacha kutazamana. Kwenye mstari wa mwisho koo likagoma. Alibaki na mdomo wazi mbele ya watu wote. Tausi akainuka na shela lake lote, akaja akasimama karibu naye, akaumalizia: *asubuhi uamkie utamu.* Turubai likalipuka. Hata wakwe, ambao walikuwa wamejiapiza kuwa wagumu, walisimama.

Sefu akaniinamia sikioni. "Mama, nimedonolewa na kuku kwa ajili ya mistari miwili na nusu?"

"Piga makofi, Sefu."

Vigelegele vilipopungua, Mzee Kapela akaja kwetu taratibu, anajipangusa jasho. Akanishika mkono, akanivuta mbali kidogo na watu.

"Mwanangu, yule kijana wenu wa kwenye tepu ana haraka," akasema, "lakini maneno anayajua. Mimi yalikuwa yamenitoka yote. Wimbo mzima ulifutika kichwani, hata neno la kuanzia sikuwa nalo. Nikaona haya kusema, nikasingizia koo. Alipoanza tu yeye, nikaona yanarudi moja moja." Akacheka. "Ahsanteni kwa kunirudishia."

Nikambusu mkono. Kisha nikageuka kumtafuta Sefu nimwambie, nikamwona yuko mbali, mbele kabisa ya foleni ya pilau, amenishikia sahani.